Mkutubi Aliyesimulia kwa Mikono

Maktaba ile ilikuwa na ghorofa mbili, ngazi pana za saruji mbele yake, na wafanyakazi ambao ungedhani wamezaliwa nyumba moja. Wote walitoka chuo kile kile, wote waliletana: huyu mpwa wa yule, yule rafiki wa huyu. Mkutubi mkuu, mama wa makamo ambaye wasomaji walimpachika jina la Bi Nyamaza, hakuwahi kuona tatizo lolote hapo. Vitabu vilirudi, sakafu iling'aa, mambo yalikwenda.

Jumamosi moja alitoka nje kupunga upepo. Kwenye ngazi waliketi viziwi, vijana kwa wazee, kama walivyozoea kila wiki, wakizungumza kwa mikono na kucheka hadi wanashika mbavu. Alikuwa akiwapita miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo, sijui kilimwingia nini, akaandika kwenye kipande cha karatasi: "Mbona hamwingii ndani?" Akampa mzee mmoja, fundi cherehani.

Fundi akasoma, akamtazama usoni, akaandika chini yake: "Tuingie tuongee na nani?"

Bi Nyamaza alirudi ofisini, maneno yale yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wakati huo kulikuwa na nafasi moja wazi. Mkutubi wa sehemu ya watoto alikuwa amestaafu. Bi Nyamaza akamwita afisa utumishi, bwana nadhifu asiyependa kukurupuka, wakalitazama pamoja tangazo la kazi la miaka yote. Awe na sauti nzuri ya kusomea watoto. Kwa maelezo zaidi, piga simu.

"Tukiandika hivi," Bi Nyamaza akasema, "tumeshawakataa watu kabla hawajaomba."

"Mama, unataka mkutubi asiyesikia? Simu ikilia je? Mtoto akilia je?"

"Simu nitapokea mimi. Mtoto anayelia, hata wewe unamwona."

"Na viwango vyetu?"

"Vibaki pale pale. Cheti kile kile, mtihani ule ule. Mimi naupanua mlango tu."

Afisa akashusha pumzi ndefu. "Haya. Lakini mambo yakiharibika, nisije nikaulizwa mimi."

Tangazo likaandikwa upya. Sauti nzuri ikatoka, ikaingia "kipaji cha kusimulia". Wakaeleza kwamba mtu anaweza kuuliza kwa ujumbe wa maandishi, na kwamba kwenye usaili atakuwepo mkalimani wa lugha ya alama. Na badala ya kulibandika kwenye ubao wao na kungoja wapwa na marafiki, Bi Nyamaza alilipeleka mwenyewe kwenye chama cha viziwi, kwenye vyuo vya mitaa ya mbali, hata kwa fundi cherehani, aliyelibandika ukutani juu ya cherehani yake.

Maombi yakaja kutoka pande ambazo hayakuwahi kutoka. Miongoni mwa walioitwa alikuwa msichana aliyefanya kazi kwenye duka la fotokopi la mjomba wake. Alikuwa na stashahada ya ukutubi yenye alama nzuri, lakini tangu ahitimu kila alipoomba kazi walimpigia simu, na simu haikupokelewa. Viziwi wenzake walimwita kwa kugusa shavu kwa kidole, kwa sababu ya kishimo kilichojitokeza pale akicheka. Basi na sisi tumwite Kishimo.

Siku ya usaili wote waliulizwa maswali yale yale na kupewa rafu ile ile ya vitabu waipange. Kishimo aliipanga vizuri, na wenzake wawili pia. Jaribio la mwisho lilikuwa kuwasimulia hadithi watoto wa chekechea ya jirani, wote wanaosikia. Wenzake walisoma kwa sauti tamu, watoto wakapiga makofi.

Kishimo akafungua kitabu cha picha cha mtoto wa tembo anayevuka mto, akakisimamisha mezani, akainua mikono.

Maji yakaja. Yalianza kwenye vidole vyake, membamba, yakapanda kwenye viwiko, yakawa mto mzima. Mtoto wa tembo akachovya mguu, akaurudisha, akatazama huku na huku kama anayetaka kuiba sukari. Watoto wakacheka. Mto ukafurika. Kishimo hakuwa ameondoka mahali pake, lakini chumba kilijaa maji, na afisa utumishi, suti yake na tai yake, alijikuta ameinua miguu kutoka sakafuni. Mkalimani alianza kutafsiri, kisha akanyamaza. Hakukuwa na haja.

Hadithi ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watoto walibaki midomo wazi. Halafu mmoja akanong'ona, "Tena."

Afisa alijumlisha alama, akarudia kujumlisha, kisha akasema, "Ni huyu, mama. Hata bila huruma, ni huyu."

"Huruma ya nini?" Bi Nyamaza akamjibu. "Andika barua."

Wiki za kwanza hazikuwa lelemama. Wafanyakazi wenzake walimsemesha Kishimo akiwa amewapa mgongo, kisha wakanuna kwamba ana maringo. Ikabidi wafundishwe alama wakati wa chai. Kengele ya kufunga ikaongezewa taa. Bi Nyamaza naye akapewa jina la alama: kidole midomoni. Ofisi nzima ilicheka, yeye akicheka kuliko wote.

Jumamosi moja baada ya hapo fundi cherehani aliingia, akafuatwa na wenzake wote. Wakaenea kwenye meza, wakafungua vitabu, wakabishana, wakataniana. Bi Nyamaza alisimama ghorofani akiwatazama kutoka juu. Maisha yake yote alikuwa akidai ukimya. Leo ukimya ulikuwepo, na ndani yake watu walikuwa wakipiga soga!

Chini, kwenye mkeka wa watoto, Kishimo alikuwa akisimulia, mkalimani yule wa usaili kando yake; alifika pale mtoto wa tembo, akiwa ng'ambo ya mto, anapongoja mama yake amwite. Mama mmoja muuza vitambaa alikuwa amemleta binti yake, kiziwi, aliyeanza shule ya viziwi mwaka ule. Ghafla mtoto akasimama, mikono ikaruka kwa kasi.

Mama akamshika mkono mkalimani. "Amekosa adabu? Anasema nini?"

"Anabishana."

"Na nani?"

"Na mkutubi. Anasema mtoto wa tembo hangengoja kuitwa, angerudi mwenyewe kwa mama yake. Anasema tembo si wajinga. Anasema hadithi irekebishwe."

Yule mama akaketi taratibu kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani. "Miaka yote namwonyesha chakula, namwonyesha kitanda," akasema. "Kumbe humo ndani kuna yote haya."

Akamtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia mkalimani. "Mwombe dada anifundishe neno moja."

"Neno gani?"

"Endelea."

Kishimo akamwonyesha. Mama akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Binti akaitazama mikono ya mama yake, akaitazama sana. Kisha akavuta pumzi, akaendelea.