Amina ya Pasta Frankline

Siku watu wa kanisa walipokuja kumtia nguvu Perez, wa kwanza kuishiwa na nguvu alikuwa jogoo wake. Angefanyaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, ingawa mimi sijawahi kumwona mwenyeji aliyepona kwa wageni wa aina hii.

Walikuwa watatu. Pasta Frankline, suti inang'aa, viatu vina ncha. Mama Naswa, mwenyekiti wa akina mama, anayenusa dhambi ya jirani hata kama imefunikwa na sufuria. Na Mzee Enos, mzee wa kanisa, ambaye huduma yake kubwa ilikuwa kumaliza minofu. Walijipanga kwenye makochi katika nyumba ile ndogo ya mtaa wa Kondele. Kitandani, kando ya ukuta, alilala Ooko, mume wa Perez.

Ooko alikuwa kinyozi. Ukimpa kichwa chako atakutania mpaka uombe msamaha, na ndevu zikiota utarudi mwenyewe. Halafu asubuhi moja kiharusi kikamwangusha kazini, kikambeba upande mzima wa kulia na ulimi wake wote. Masikio kilimwachia. Hilo wageni hawakulijali, walimsema mbele yake kana kwamba ni kabati.

"Jumapili ndiyo siku yake," alisema Pasta. "Atasimama, atatembea, umati wote uone. Mabango tumeshabandika mpaka Bondo."

Akakunjua moja. Picha ilikuwa ya Ooko, mdomo umepinda, imepigwa bila yeyote kuombwa ruhusa. Chini yake, kwa herufi nyekundu: NJOO UONE KIWETE AKIRUKA.

Walishamsimamisha Ooko mara moja, kwenye kesha. Wanaume wanne walimwinua, Pasta akapaza sauti, "Mwachilieni!" Wakamwachilia. Ooko akaanguka kama gunia la omena, suruali ikalowa, kanisa zima likitazama. Na kosa likawa la nani? La Perez, bila shaka, imani yake ni ndogo. Tangu hapo Ooko akisikia sauti ya Pasta hugeukia ukuta, na sasa alikuwa amegeuka, mkono wake mzima umekamata shuka kwa nguvu.

"Pasta, hataki," alisema Perez. "Tafadhali. Mwache apone polepole. Kule kliniki wanamfanyisha mazoezi, juzi amekunja kidole."

"Kidole!" Mama Naswa akacheka. "Perez, Mungu wetu si wa kidole."

"Imani, mama, imani tu," alisema Mzee Enos. "Na hii paja iko na mwenyewe?"

Kisha Mama Naswa akasema, "Tufumbe macho." Wenye kukaa makanisani mnayajua maombi haya. Jambo unaloogopa kumwambia mtu usoni, unamwambia Mungu, kwa sauti, na mwenyewe ameketi hapo hapo. Hawezi kujibu, maana nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu? Kwa mchezo huo Mama Naswa alikuwa bingwa wa Kisumu nzima.

"Baba, kuna wake wanaopenda waume zao walale hivi ili wawatawale. Wavunje, Baba! Kuna wanaotegemea kliniki kuliko msalaba. Waguse!"

"Amina!" wakaitikia wenzake.

Perez alichomeka moyoni. Huyu anamsema nani? Kila alfajiri yeye ndiye aliyemgeuza Ooko, akamwosha, akambadilisha shuka, huku akinong'ona, "Nyasaye, nipe mgongo wa leo." Na Mungu alimpa. Mgongo wa leo, na kesho akaomba mwingine, akapewa. Imani yake ilikuwa hiyo, haikuwa na bango. Akamwomba tena Mungu yule yule, safari hii ampe mdomo, na kabla Mama Naswa hajafumbua macho akadakia.

"Nyasaye Baba, asante kwa wageni hawa. Asante kwa Mzee Enos, umembariki kwa meno."

"Amina," akaitikia Mzee Enos, shavu limejaa.

"Asante kwa Pasta. Kichwa chake Ooko amekinyoa miaka mingi, na hakuwahi kukiangusha."

"Amina," akasema Pasta, kwa sauti ya chini kidogo.

"Bwana Yesu, ulipomwinua yule binti aliyekufa, kwanza uliwafukuza nje wote waliokuwa wakipiga kelele. Hukubandika bango. Ulimshika mkono, ukaagiza apewe chakula. Mgonjwa ndiye apewe chakula, Bwana, si wageni."

Mama Naswa alikuwa ameshafumbua jicho moja.

"Ukitaka Ooko asimame, nyumba hii unaijua. Jumapili hatoki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Baba, kwa hiyo atakayekuja kumbeba, mwonjeshe. Mlaze hivi hivi, mdomo upinde, halafu Mama Naswa aje kumwombea. Tuseme wote?"

Perez akangoja, macho ameyafumba.

Mzee Enos, ambaye ana presha, hakungoja kuulizwa tena. "Amina! Amina kabisa! Mimi sibebi mtu!" Mama Naswa akafuata kwa kunung'unika. Alibaki Pasta. Akatazama bango, akamtazama Perez, kisha akaitoa Amina yake kama mtu anayetoa mwiba wa samaki ngege kooni.

Wakaondoka bila kunawa mikono.

Perez aliketi ukingoni mwa kitanda. Je, amemkosea Mungu? Nyuma yake akasikia mkwaruzo, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Akaruka, akidhani Ooko anakabwa na mate, akamgeuza haraka.

Ooko alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu haikuwa na habari, bega lilimtikisika na machozi yakamtiririka mpaka sikioni. Alikuwa hajacheka tangu aanguke. Perez alikikumbatia kichwa kile, akacheka naye, akalia naye, akamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Jumapili uwanja ulijaa. Pasta Frankline alipanda jukwaani, akatangaza kwamba mgonjwa ameshaponea nyumbani kwa maombi ya timu yake, na umati ukapiga makofi na vigelegele. Nyumbani Ooko alikuwa amelala usingizi mzito, na Perez akamwacha alale.