Posa ya Bwana Utazimia

Usiku wa jana niliota ninaposwa. Mposaji alikuwa wazo langu mwenyewe, na alikuja na ndugu zake kwa utaratibu wote unaotakiwa.

Wazo lenyewe ni fupi: utazimia. Lilinijia kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, nikifundisha baiolojia Kidato cha Tatu, moyo ulipoanza kwenda mbio bila sababu na miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Sikuzimia. Nilitoka nje, nikahamia stoo ya maabara, na tangu hapo kazi yangu ni kusafisha hadubini. Mkuu wa shule ni mstaarabu, lakini leo anataka jibu: nirudi darasani, au anipe stoo moja kwa moja na Kidato cha Tatu akitafutie mwalimu mwingine. Jana jioni nilikuwa nimeshaamua kubaki stoo.

Katika ndoto wageni wamekaa sebuleni kwetu, Tanga, juu ya mkeka. Bwana Utazimia ni kijana mtanashati, kanzu imenyooka, uso wa mtu anayekuonea huruma kabla hujasema lolote. Mshenga wake ni kengele ya shule. Upande wetu anasimama Bi Mwantumu, mtaalamu wa saikolojia ninayemwona hospitalini kila Alhamisi. Katika ndoto yeye ndiye mkubwa wa familia, na hakuna anayeshangaa. Mama yuko jikoni anakoroga sharubati.

Kando yangu ameketi kungwi wangu, wa kunifunda mambo ya unyumba. Kungwi wangu ni chupa ya maji ninayotembea nayo kila mahali ili nisizimie.

"Tumeona ua kwenu," anasema Kengele. "Tunaomba tukaliweke ndani, mbali na jua."

Bi Mwantumu anauliza nyumba ya bwana harusi iko wapi. Kengele anajibu kwamba ipo tayari: ni stoo, ina rafu pande zote na mlango mmoja, na bibi harusi hatahitaji kutoka. Chupa ananinong'oneza kwamba nina bahati, wenzangu wanaolewa kwenye nyumba zisizo na rafu hata moja.

Namwomba Bi Mwantumu awafukuze. Anakataa. Wazo halifukuzwi, anasema. Ukilifukuza linarudi na shangazi zake. Linapewa kiti, linapewa kinywaji, halafu linaulizwa ushahidi. Maneno hayo huniambia kila Alhamisi, ila siku zote nilidhani kiti ni namna tu ya kusema. Mama analeta kiti.

"Ushahidi upo," anasema Bwana Utazimia kwa upole. "Mwezi wa pili, mbele ya wanafunzi, nusura azimie."

Sebule inakuwa maabara ya shule. Hakuna aliyenyanyuka, mkeka sasa uko chini ya meza ya vipimo. Mashine ya presha anajifungua mkanda, anakohoa upepo kidogo na kuomba nafasi.

"Nusura haina kipimo," anasema. "Alizimia au hakuzimia?"

"Alikaribia sana."

"Kijana, mimi nina namba tu. Mtu akizimia, kwa kawaida presha yake imeshuka. Ya huyu ilipanda. Sasa azimie kwa lipi?"

Naona aibu. Mada hiyo nimeifundisha miaka yote, na michoro yake. Sikuwahi kufikiri inanihusu.

Kengele analia. Tunatoka nje sote, tunajipanga uwanjani, hakuna moto. Tunarudi. Kengele anaomba radhi, anasema alihisi kitu. Muda mfupi baadaye analia tena, na tena tunajipanga uwanjani. Safari hii ilikuwa nzi. Bi Mwantumu anamwambia kuhisi ni haki yake, ila asituchoshe miguu.

Kisha anatangaza kwamba maneno yametosha, sasa ni jaribio. Bibi harusi atakaa kwenye kiti cha ofisini, atazungushwa mpaka apate kizunguzungu cha kweli, halafu atahema kwa mrija wa soda. Akizimia, ndoa inafungwa hapo hapo na anahamia stoo. Asipozimia, posa imekataliwa na anarudi darasani. Na kwa kuwa bwana harusi ndiye anayedai, naye atazungushwa.

Kengele anasema hajapata kuona bwana harusi akizungushwa. Mashine ya presha anamuuliza ameona mangapi, yeye anayekaa ukutani.

"Mwanangu," ananiambia Chupa, "kunywa fundo moja tu, ndipo uzunguke."

"Akinywa hatutajua kilichomsimamisha," anasema Bi Mwantumu. "Ni yeye au ni wewe?"

"Nipo naye tangu mwezi wa pili, na hajaanguka."

"Ndiyo maana hatujui."

Namweka Chupa mezani. Katika ndoto nzima hilo ndilo gumu kuliko yote. Vidole vinabaki vimekunjwa, vimeshika hewa. Chupa anavuja kidogo. Anasema ni joto.

Wanaotuzungusha ni Kidato cha Tatu, ambao hawakuitwa, lakini hawajawahi kukosa jambo maabara. Dari linapita. Hadubini zinapita. Moyo unakwenda mbio kama siku ile. Bi Mwantumu ananitaka niseme ninachohisi, nami nataja: kizunguzungu, jasho, ganzi vidoleni, hamu ya kukimbia.

"Vizuri," anasema kwa kila kimoja, kama mtu anayepokea nyanya sokoni.

Nahema kwa mrija. Nina hakika kabisa kwamba naanguka. Nasubiri kuanguka. Naendelea kusubiri. Kisha upande wa pili wa meza nasikia kishindo.

Bwana Utazimia amezimia. Amelala chali, mikono imetulia kifuani. Mashine ya presha anamfunga mkanda, anasoma na kutikisa kichwa: imeshuka, na hivi ndivyo kuzimia kunavyokuwa, tuangalie vizuri. Kengele anamtazama mwenzake pale chini, na hii ikiwa dharura ya kweli ya kwanza tangu waje, anasahau kulia.

Mwanafunzi mmoja, Mbaruku, anainama kumchungulia. "Mwalimu, ndiye huyu uliyekuwa unamwogopa?"

Nakiri kwamba ndiye.

"Mbona mwepesi hivi," anasema Mbaruku, akimwinua mguu mmoja.

Ndugu wanambeba. Mlangoni wanapishana na kidonge nilichoandikiwa na daktari wiki iliyopita, amevaa suti nyeupe, anatweta. Anauliza kama amechelewa, na kabla hajajibiwa analalamika kwamba alisema mapema yeye huchukua wiki kadhaa, ila watu hawasomi maelezo. Bi Mwantumu anamwambia hajachelewa, akae, kazi bado ipo.

Kizunguzungu changu hakijaisha. Nataka kwanza kiishe ndipo nifundishe, lakini Mbaruku ameshainua mkono. Anasema tuliishia kwenye vali za moyo.

Naandika ubaoni huku ubao ukielekea kushoto. Mwandiko unapinda. Unasomeka.

Niliamka asubuhi, nikaoga, nikavaa. Mama aliniita kutoka mlango wa mbele, nikamfuata. Alikuwa amesimama kizingitini, ufagio mkononi, anatazama chini. Nje ya mlango palikuwa na jozi ya makubazi ya kiume, mapya, yamepangwa sambamba kama yanavyopangwa na mgeni mwenye adabu. Nyumba hii tunaishi mimi na Mama tu.

"Hidaya, haya ya nani?"

"Ya mtu aliyekuja kuniposa. Alizimia, wakambeba. Ndiyo maana hakuyavaa."

Mama aliyatazama tena, kisha akautazama mkoba wangu wa shule begani.

"Na akirudi kuyachukua?"

"Atarudi tu," nilisema. "Mkaribishe. Akiniulizia, mwambie nipo darasani."