Moyo Wenu, Tata Banza

Mama Godelieve, prezida wa wanawake waosha mawe ya shaba pembeni ya Kolwezi, alikuwa na kinywa, jamani, kinywa! Akianza kusema, hata pampu ya maji haisikiki. Lakini siku hiyo aliapa kunyamaza. Ngalula ndiye angeomba kibanda cha kivuli kwa watoto, maana vichanga walilazwa juani mama zao wakiosha mawe.

"Ngalula?" wenzake waliguna. "Huyu wa Kasai? Kiswahili yenyewe anaitafuna!"

"Sasa atajua wakati gani," Godelieve akawajia juu, "kama kila siku ni mi tu njo nasema?"

Hata hivyo hakujiamini kwamba atanyamaza. Tata Banza, mkubwa wa kituo hicho cha kuoshea mawe, alipoketi tu kuwasikiliza, Godelieve alijishindilia mkate wa kukaanga mzima mzima kinywani.

Ngalula akasimama. Kwa woga akaponyokwa na Chiluba, lugha ya kwao Kasai: "Moyo wenu, Tata!"

Kwao hiyo ni salamu tu. Lakini Tata Banza, ambaye daktari alikuwa amemwonya majuzi, alishika kifua.

"Moyo yangu? Iko na nini? Nani alikuambia?"

Wanawake wakaangua kicheko. Machozi yalimlenga Ngalula, akamgeukia prezida wake amwokoe. Masikini Godelieve! Maneno yalikuwepo tele, ila mkate ulikuwa umetangulia. Alichoweza ni kuitikia kwa kichwa, mashavu yamefura: endelea, mwanangu, endelea.

Ngalula akamgeukia tena mkubwa. "Tata, ni salamu ya kwetu. Ni kusema ukuwe muzima. Lakini kama moyo yako iko muzima kweli, iangalie batoto kule ku jua. Na wa kwangu iko pale. Unamusikia vile analia?"

Tata Banza aliwatazama wale watoto, mkono ukishuka kifuani.

"Kesho mutapata mabati ya kibanda," akasema. "Na ile salamu, munisalimie nayo kila asubuhi." Kisha, kwa hofu kidogo: "Na wewe, Mama Prezida, uko na neno ya kuongeza?"

Godelieve alikuwa amekwisha kumeza. Hotuba nzima ilimwasha ulimini, tamu, ndefu. Akamtazama Ngalula, amesimama wima, waliomcheka wakigombania kumshika mkono.

Akachukua mkate wa pili, akauingiza wote.