Kidimbwi Kilichopanga Foleni

Benchi la ofisi ya vyeti lilikuwa limejaa hadi mtu wa mwisho akawa amekalia tako moja. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, amempakata binti yake ambaye hajafika miaka minne. Mtoto walimwita Bisi, kwa sababu hakuwahi kutulia mahali pamoja tangu alipojua kusimama. Walifuata cheti cha kuzaliwa. Shule ya chekechea ilikuwa imekataa kumpokea bila karatasi ya kuthibitisha kwamba amezaliwa, ingawa alikuwa amesimama pale pale mbele ya mwalimu mkuu, anajikuna goti.

Wanawake wa foleni ile walikuwa wanajuana kwa midomo mikavu. Siku ya kwenda ofisini hunywi chai, hunywi maji, hugusi hata uji. Choo kilikuwepo, mwisho wa korido, mlango wa bluu wenye kufuli kubwa na maandishi WAFANYAKAZI TU. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha mkuu wa ofisi. Wanaume hawakuwa na shida hiyo. Walitoka, wakazunguka nyuma ya ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA kwa rangi nyekundu, wakayasoma maandishi yale huku wakikojoa, wakarudi wanafunga zipu. Hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

"Mama, mkojo," Bisi alisema.

"Jikaze kidogo, mama."

"Nimejikaza. Unatoka."

Fundi akamwendea mlinzi. "Kaka yangu, naomba mtoto aingie chooni mara moja tu."

"Dada, mlango si umeusoma? Cha wafanyakazi."

"Ni mtoto huyu, jamani."

"Basi mfundishe kujizuia."

Bisi alikuwa ameshaanza kukanyaga mguu mmoja juu ya mwingine. Fundi akambeba mbiombio hadi nje, kwenye ua wa michongoma kando ya mtaro, akamchuchumaza. Mtoto ndio kwanza ameanza, mlinzi akapuliza filimbi kwa mapafu yake yote. Bisi akashtuka, na mkojo ukakatika katikati.

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa anatokea nyuma ya ukuta, anajifuta mkono kwenye suruali.

"Malezi gani haya?" alisema. "Mbele za watu! Ndivyo wanavyoanza."

"Mtoto ni mtoto, mwalimu," mama mmoja akajibu kutoka kibarazani. "Mkojo wake una neno gani?"

"Leo kwenye ua, kesho sebuleni kwako."

Hapo mjadala ukachanganya. Wengine walisema chini ya miaka mitano ni ruksa, wengine wakasema ustaarabu huanzia kwenye nepi. Kijana mmoja aliyekuwa hajaona lolote alitaka mama apigwe faini. Fundi alisimama amemshika mtoto mkono, ana hasira na hana pa kuitemea. Hebu niambie: watu wazima wote wale, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuliangalia lile kufuli.

Kidimbwi alichoacha Bisi kilikuwa na ukubwa wa sahani. Wakati wanabishana kilijikusanya, kikatoka chini ya michongoma, kikavuka kibaraza na kupanda ngazi moja moja. Hakikuacha unyevu popote. Koridoni kilimpisha karani aliyebeba mafaili, kikaenda hadi mlango wa bluu, kikatulia nyuma ya mhasibu aliyekuwa anasubiri mwenzake atoke. Mhasibu akaingia, akatoka, akabana kufuli. Kidimbwi kikasogea mbele nafasi moja.

"Angalau chenyewe kina adabu," alisema mwalimu mstaafu.

Fundi alirudishwa mwisho wa foleni, nyuma ya waliokuja baada yake, kwa kosa la kuchafua mazingira. Ofisi ikafungwa zamu yake haijafika.

Nyumbani alimkalisha Bisi kwenye poti lake la plastiki. Mtoto akakaa, akaangalia ukuta.

"Hautoki," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Nusu iko foleni. Naisubiri."

Alisema hivyo bila kuruka, bila kuzunguka chumba, mikono juu ya magoti. Hilo ndilo lililomtisha fundi kuliko yote. Asubuhi tumbo la mtoto lilikuwa gumu, na akiguswa alilia kwa sauti ndogo ya kuomba radhi. Mtoto wa watu, anaomba radhi kwa kuumwa!

Muuguzi wa zahanati alimbonyeza taratibu chini ya kitovu. "Ugonjwa hana," alisema. "Mkojo umezuiliwa ofisini. Nenda ukaufuate leo hii, ukilala huko tena utamharibia figo." Kisha akamtazama fundi. "Na wewe kunywa maji, mama Bisi, usije ukaanguka na mtoto mgongoni." Fundi alimaliza jagi zima, akasahau kabisa kwamba anakwenda ofisini.

Kidimbwi alikikuta pale pale mlangoni. Mfagizi alikuwa amedeki korido yote, akakizunguka vizuri. Makarani walikuwa wanakiruka wakiingia chooni, na mmoja alikiambia samahani.

Mkuu wa ofisi alimpokea fundi kwa heshima zote, akamvutia kiti. Ufunguo ulikuwa nyuma ya kichwa chake.

"Nakuomba, bosi, ufungue kidogo tu," fundi alisema. "Kikishaingia mtoto wangu atapona. Tumbo lake hili, liguse."

"Nakuelewa, mama. Mimi mwenyewe ni mzazi." Alikitazama kidimbwi kupitia mlango ulio wazi. "Lakini kile si mfanyakazi wetu. Nikikifungulia kimoja, kesho vitakuja vingine. Choo kitakuwa cha nani?"

"Mbona nyuma ya ukuta wanakojoa kutwa?"

"Nyuma ya ukuta kuna tangazo," alisema mkuu wa ofisi. "Tumeshachukua hatua."

Alinyanyuka, akamsindikiza hadi koridoni, akamtakia mtoto nafuu. Foleni nzima ilikuwa inatazama. Mwalimu mstaafu alikuwepo, naye cheti chake kilikuwa kimekosewa herufi. Bisi alikuwa ameulaza uso kwenye mgongo wa mama yake, na fundi aliusikia ukichoma kupitia gauni. Ndipo na lile jagi la maji likamkumbusha kwamba lipo.

"Sawa," fundi alisema. "Kama ni foleni, na mimi napanga."

Akamshusha mtoto. Akachuchumaa mbele ya mlango wa bluu, gauni lake pana likamfunika hadi vidoleni. Kilichoonekana ni uso wake tu, na uso huo uliwatazama mmoja mmoja, mlinzi, karani, mwalimu, hadi kila mmoja akatafuta kitu cha kusoma ukutani. Hakuharakisha. Filimbi haikulia. Alipomaliza alisimama, akalinyoosha gauni, akamshika Bisi mkono.

Kidimbwi chake kikubwa kilikisogelea kile kidogo cha Bisi. Vikakaa pamoja muda wa watu kuamkiana. Kisha kikubwa kikatangulia, kidogo kikafuata ubavuni, vikapita katikati ya foleni. Watu walikusanya miguu. Vikashuka ngazi, vikavuka kibaraza, vikaingia mtaroni na kwenda zake pamoja na maji mengine.

"Mama," Bisi alisema, "mkojo."

Hapakuwa na pengine. Fundi alimpeleka kwenye michongoma ile ile, akatandaza gauni likawa pazia, akamkazia macho mlinzi. Mlinzi alishika filimbi yake, akaikagua, akaipangusa, akairudisha mfukoni. Bisi alikojoa kwa muda mrefu, na ardhi ikanywa yote. Halafu akaruka mtaro, akarudi akaruka tena, na fundi akalia pale pale barabarani bila kujificha.

Ofisi nayo haikulala. Mlango wa bluu uliongezwa kufuli la pili. Kwenye ua wa michongoma uliwekwa ubao wenye picha ya mtoto amechuchumaa, amepigwa mstari mwekundu. Nyuma ya ukuta wanaume waliendelea kama kawaida, na mikojo yao ilikauka yenyewe juani. Haikuwa na cha kusubiri. Vidimbwi vya watoto wengine vilikuja, vikapanga mstari koridoni, na mfagizi alifunga kamba kando ili wafanyakazi wasivikanyage.

Cheti cha Bisi kilikuwa bado. Jumatatu iliyofuata fundi aliamka, akachemsha chai, akamvalisha binti yake soksi. Bisi alivuta kikombe chake kwa mikono miwili. Fundi akamnyang'anya taratibu, akairudisha chai kwenye birika.

"Kwa nini, mama?"

"Leo tunakwenda ofisini," fundi alisema, akaimwaga na ya kwake.