Maneno ya Mlinda Lango

Nikikasirika huwa nakunja mikono, maana nikiikunjua nitavunja kitu. Siku bosi alipotaka kumbadilisha Mlinda Lango, niliikunja hadi vidole vikafa ganzi.

Mlinda Lango ni mhusika wa mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza, na maneno yake nimeyaandika mimi. Mchezaji akifika langoni anaambiwa: "Waliniita binti. Mimi ni mwanamume. Shika ufunguo, upite."

"Watu watanuna," bosi alisema. "Awe mwanamume tu, bila maelezo."

"Wengine watanuna mkiyatoa," mchoraji akajibu.

Walibishana asubuhi nzima. Mimi nikasema bila maneno yale si yeye tena.

"Ni katuni tu, dada. Usijipe presha," bosi akaniambia.

Katuni! Jumamosi baba yetu, anayejisifu kila mahali kwamba ana mabinti wawili, alikuwa aje kuujaribu mchezo. Mdogo wangu alikuwa ameshindwa mwaka mzima kumwambia kwamba yeye ni mwanamume. Tulipatana Mlinda Lango atangulie kusema, naye afuate. Lakini hayo ningeyasemaje kikaoni?

Alhamisi maneno yakakatwa. Ijumaa bosi akaketi kucheza, akazunguka langoni hadi saa sita usiku, halifunguki. Kumbe waliokata maneno walikata na ufunguo uliokuwa ndani yake.

Mjaribu wetu tunamwita Kupe, kwa sababu akikamata kosa habanduki. Kuuhamishia ufunguo mahali pengine ni kazi ya dakika tano, na anajua. Lakini kwenye karatasi yake ya njano, ile anayobandika ukutani kwa kila kosa, aliandika: "Mlinda Lango amenyang'anywa maneno. Arudishiwe."

Bosi aliisoma mara mbili. Alikuwa hoi.

"Haya, rudisheni."

Jumamosi baba alifika langoni, miwani puani. Aliyasikia yale maneno, akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Baba," mdogo wangu akasema, "na mimi ndivyo nilivyo."

Baba akamgeukia. Kisha akavuta kiti kingine karibu yake.

"Kaa hapa, mwanangu. Huko mbele sikujui."

Nililia bila aibu. Baadaye nikamsimulia baba habari za Kupe na karatasi yake. Akafuta miwani kwa shati, taratibu.

"Msalimie sana," alisema. "Mwambie baba mwenye binti mmoja na mvulana mmoja anamshukuru."