Mkono wa Pole

Baridi ya Julai pale Chaka haina adabu hata kidogo. Ndiyo iliyomkosanisha Wangechi na Beth.

Siku ya kumzika Moffat, mumewe Beth, watu walijipanga kumpa mjane mkono wa pole. Zamu ya Wangechi ilipofika, vidole vyake vilikuwa vimegeuka bluu, vinauma kana kwamba vimebanwa na mlango. Akavificha ndani ya kabuti, akainamisha kichwa tu, akapita. Rafiki wa tangu usichana! Waliokuwa nyuma yake wakaguna. Huku kwetu, kumnyima mfiwa mkono ni kumwambia kwamba msiba wake haukuhusu.

Miezi ilipita kabla daktari wa Nyeri hajaugundua ugonjwa wenyewe, nao ni wa nadra. Tumboni mwa Wangechi kulikuwa na uvimbe wa tezi, uliokuwa ukimwaga protini mbovu ndani ya damu. Ikipata baridi, protini ile huganda na kuziba mishipa ya vidole.

"Vidole si shida, mama," daktari alimwambia. "Tukiua uvimbe, hiyo protini haitakuwa na pa kutoka."

Wangechi akaanza kutundikiwa dripu za dawa, mikono ndani ya glavu za sufu. Wagonjwa wenzake walikuwa na watu wa kuwamenyea machungwa. Yeye hakuwa na mtu. Siku moja alimpigia Beth simu amweleze.

"Ati damu inaganda?" Beth aliuliza. "Si ungetafuta uongo mzuri?" Akakata simu.

Upweke ule ulimuuma Wangechi kuliko sindano, akalia mbele ya wodi nzima. Alijipa moyo kwa jambo moja tu: mkono upone, aupeleke mwenyewe kwa Beth.

Ukapona. Uvimbe ulinywea, protini ikaisha, na asubuhi moja ya ukungu vidole vikabaki na rangi yake. Hakungoja hata chai. Alimkuta Beth akikata majani ya ng'ombe, akanyoosha mkono bila glavu.

"Nimepona. Nimekuletea pole ya Moffat."

Beth aliyatazama makovu meusi ambayo ugonjwa uliacha kwenye ncha za vidole, moja baada ya jingine. Uso wake ukalainika.

"Kumbe ulikuwa mgonjwa kweli," alisema polepole. "Nimekuamini, Wangechi. Lakini siku nilikuwa nataka hii mkono ni ile ya mazishi."

Akainua panga, akarudia majani yake. Wangechi alibaki amenyoosha mkono, nao ulikuwa na joto.