Mwonja Chumvi

Kila alasiri ilipokaribia, Ishraga aliomba jina lake lisiitwe. Na kila alasiri liliitwa.

"Ishraga! Wifi! Njoo uonje chumvi!"

Sauti ya Sittana ilitoka jikoni, ikavuka ua na kuruka ukuta wa udongo. Ishraga alikuwa na hakika kwamba ilifika mpaka stesheni ya Atbara, ikasikiwa na makuli na abiria. Katika nyumba hiyo watu wawili tu hawakufunga: yeye, na binti yake Wiam, ambaye hajaota hata jino. Na kuonja chumvi mchana wa Ramadhani ni kazi ya asiyefunga. Kwa hiyo alipoitwa kuonja, yeye alisikia anatangazwa: huyu hapa, mla mchana.

Alikwenda. Angefanyaje? Alimweka Wiam begani akasimama mlangoni mwa jiko, na wifi yake akamnyooshea kijiko cha mchuzi wa bamia kavu.

"Imekolea?"

"Imekolea."

"Hakika?"

"Imekolea, wifi. Unataka niapie msahafu?"

Sittana alicheka, akavuta taub, nguo yake nyeupe ya kujitanda, kichwani na kurudi kwenye sufuria. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa kiu, lakini uso wake umetulia kama wa mtu aliyeoga sasa hivi. Hilo ndilo lililomchoma Ishraga kuliko yote. Wengine wakifunga hununa, hulala, hugombana na nzi. Sittana akifunga alizidi kupendeza.

Huyu Sittana alikuwa dada wa Tayfur, mume wa Ishraga. Ndoa yake ilivunjika, akarudi kwa mama yake na sanduku moja na mikono miwili. Lakini mikono yenyewe! Kabla mwezi haujaandama alikuwa ameshaotesha mtama, akausaga, akaukanda kwa viungo na kuuchoma juu ya bamba la moto mpaka ukawa vipande vyembamba vya kahawia. Hiyo ndiyo hulumur, ambayo ikirowekwa inatoa kinywaji cha kufuturia. Nyumba zote za mtaa huo hutengeneza hulumur. Ila jioni, wanaume wanapotandika mikeka yao kando ya barabara na kila nyumba ikatoa sinia lake, mzee Babiker, dereva wa treni mstaafu, hunywa funda moja, hufumba macho na kusema, "Hii ya Sittana." Hakuwahi kukosea.

"Leo tulizuia lori la kutoka Port Sudan," Tayfur alisimulia jioni moja akivua viatu. "Tulinyoosha vilemba tukaziba barabara, dereva akakosa pa kupita, akashuka kufuturu nasi. Kanywa hulumur ya Sittana bakuli zima, kisha akauliza aliyeitengeneza kama kaolewa."

"Na dengu?" aliuliza Ishraga.

"Dengu gani?"

"Zilizokuwa kwenye sinia. Nilizichemsha mimi."

Tayfur alifikiri. "Zilikuwepo," alisema kwa wema.

Mwanzoni mwa mwezi Ishraga alifunga kama wenzake. Maziwa yakapungua, Wiam akawa anavuta titi na kuliachia kwa hasira. Mkunga Toma akaitwa. Alimbonyeza mama, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu mdogo hakuandikiwa Ramadhani. Wewe kula, siku zako utazilipa mbele." Tayfur akasema kula. Hajja Batul, mama mkwe, akasema kula, tena akaahidi kumwekea chakula chake mwenyewe. Na Sittana, akiwa amejiegemeza mlangoni, akasema, "Kula, wifi. Una bahati wewe."

Una bahati. Neno hilo lilimkwama Ishraga kooni kama mwiba wa samaki. Bahati gani? Ya kuambiwa aonje? Ya kula peke yake chumbani amejifungia kama mwizi, huku wifi mtu akivuna thawabu za mwezi mzima, na sifa juu yake?

Basi Ishraga akaanza kufunga kwa siri.

Haikuwa kazi ngumu. Alfajiri alikuwa macho na mtoto, akala daku yake kimya. Mchana Hajja alimletea sahani na kuifunika kawa. Akishatoka, Ishraga aliibeba mpaka nyuma ya chumba na kummwagia mbuzi. Mbuzi hakuuliza maswali. Na kila jua lilipokuwa utosini na ulimi umegeuka kipande cha ngozi, Ishraga alimchungulia Sittana uani na kujiambia, mimi pia. Tena zaidi yako, kwa sababu mimi nina mtoto. Hakumkumbuka Mungu sana siku hizo. Macho yake yalikuwa kwa Sittana: Sittana kaenda kuchukua udhu, na yeye akaenda, Sittana karefusha sijda, na yeye akairefusha mpaka Wiam akalia.

Wiam alilia sana. Joto, alisema Ishraga. Tumbo. Meno.

Kisha ikaja siku ya chumvi.

"Wifi! Njoo uonje!"

Siku za nyuma alikuwa akigusa mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema kwenye ukingo wa taub. Siku hiyo koo lilimwaka vibaya, akaogopa kwamba ulimi ukishalowa hautamtii. Alikileta kijiko mdomoni, hakukigusisha hata na mdomo, akajifanya kumeza.

"Imekolea?"

"Imekolea."

Asichokijua ni kwamba Hajja alipita jikoni mapema akatia chumvi, na Sittana akaja akatia tena.

Adhana ililia, wanaume wakala tende, wakanywa, wakaswali, kisha wakakaa kwenye sinia. Kutoka ndani wanawake walisikia kimya, kisha kikohozi, kisha sauti ya mzee Babiker imepanda juu ya ukuta:

"Enyi watu wa nyumba hii! Mnatufuturisha, au mnatukausha mtuweke akiba kama samaki?"

Mkeka mzima uliangua kicheko. Msafiri mmoja, ambaye hakuna aliyemjua, alisikika akiomba maji kwa jina la Mtume. Sinia liliporudi ndani, bakuli la Sittana lilikuwa limejaa kama lilivyotoka. Na dengu zilikuwa zimekwisha.

Sittana alilitazama bakuli. Akachovya kidole, akalamba, akamtazama Ishraga.

"Ulisema imekolea."

"Mimi niliona imekolea."

"Hii?"

"Labda ulimi wangu. Mtu anayenyonyesha, ulimi hubadilika."

Sittana alilibeba bakuli. Alimwaga mchuzi, akaliosha bakuli akiwa ameupa ua mgongo, na mabega yake yakatikisika. Ishraga aliingia chumbani akiwa mwepesi, karibu acheke. Alimweka Wiam kwenye titi. Wiam akavuta, akavuta tena, akageuza kichwa na kulia. Hakikuwa kilio cha siku zote. Kilikuwa chembamba, kikavu, kama cha paka aliyefungiwa ghalani. Furaha yote ikamtoka mama mtu. Akasema, kesho nitakula. Wallahi kesho.

Lakini asubuhi alimwona Sittana akipita na macho yaliyovimba, bado amefunga, bado amependeza, akajiambia, leo tu. Nimalize leo.

Mchana huo ilipita dhoruba ya vumbi. Ilipotulia, ua ulikuwa mwekundu na vitanda vya kamba vimepata blanketi la mchanga. Sittana alikunja taub kiunoni akafagia kutoka mlangoni mpaka kwenye ukuta. Ishraga alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba chake, Wiam mapajani. Mtoto hakuwa akilia tena. Alikuwa anasinzia tu, na hilo lilianza kumtia mama yake hofu ambayo hakutaka kuitazama.

Akamwona Sittana akiegemeza fagio ukutani. Akamwona akienda kwenye mtungi. Akafunua, akachota kopo, akachutama, akanywa. Hakulamba wala kusukutua. Alikunywa kopo zima, taratibu, shingo ikipanda na kushuka, kisha akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kusema, "Alhamdulillahi."

Ishraga aliruka wima.

"Hajja! Mama! Njoo uone! Njoo umwone mfungaji wako!"

Hajja Batul alitoka na tasbihi mkononi. "Kuna nini? Mtoto?"

"Sittana kanywa maji! Mchana kweupe! Kopo zima! Mwulize!"

Sittana alitazama kopo lililokuwa mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine amelishikisha hapo. Rangi ikamtoka. "Yuu! Mama, nimesahau! Wallahi nimesahau. Vumbi lilinijaa, nikaona mtungi… Nimesahau kabisa!"

Hajja alimkazia macho binti yake. Halafu akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mpaka tasbihi ikalia.

"Yalikuwa baridi?"

"Mama!"

"Nakuuliza, yalikuwa baridi?"

"Baridi sana," Sittana alisema kwa aibu.

"Basi shukuru. Aliyesahau, Mungu ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Funga yako iko palepale, endelea nayo." Akamgeukia Ishraga. "Na wewe, kelele zote hizo? Nilidhani nyumba inaungua."



"Hata maji!" Ishraga alipiga ukelele. "Hata maji anapewa yeye! Sifa zake, thawabu zake, na sasa Mungu mwenyewe anamchotea kopo! Na mimi je? Mimi niliyekauka tangu alfajiri, sijagusa hata tone, mimi…"

Akanyamaza. Alikuwa ameshachelewa.

 Kutoka nyuma ya chumba alitokea mbuzi, mnene, anang'aa, akaja akasimama mbele ya mlango wa Ishraga kungojea chakula chake cha mchana.

"Ahaa," alisema Hajja. "Nami nilikuwa najiuliza huyu mbuzi kafundishwa na nani kubisha hodi."

Hakuwa akicheka tena. Alikuja upesi, akamchukua Wiam, akapitisha kidole juu ya utosi wake. Utosi ulikuwa umebonyea. Akamwonyesha Ishraga, hakusema neno, akauchukua mkono wake na kuuweka hapo ili ajue mwenyewe. Ishraga alipohisi kibonyeo kile laini chini ya vidole vyake, alikaa chini mchangani.

"Ulikuwa unamfungia nani?" aliuliza Hajja.

"Mungu."

"Mungu alikwambia kula. Kwa kinywa cha Toma, na cha mumeo, na changu. Funga haina shahidi, mwanangu. Mtu angeweza kujifungia akala na hakuna ambaye angejua, ndiyo maana tunamfungia Yeye peke yake. Wewe umemfungia Sittana. Basi mwendee Sittana akulipe."

"Mimi nimlipe?" Sittana alikuwa amefika, kopo bado mkononi, na sasa macho yake yanawaka. "Subiri kwanza. Kwa hiyo chumvi ile ni wewe! Hukuonja! Mzee Babiker ananiita mkausha samaki mbele ya wageni, usiku kucha nalia, kumbe wewe hukugusa hata kijiko!"

"Nisamehe."

"Unanionea wivu mimi? Mimi!" Sauti yake ilipasuka. "Unajua nilifunga Ramadhani ngapi katika nyumba ya mume wangu? Zote. Kila mwaka nilingoja anitokee mkunga aniambie, Sittana, mwaka huu wewe kula. Hakutokea. Nilikwambia una bahati, ukaninunia. Nilikuwa na maana hiyohiyo: una bahati! Ningepata mimi ruhusa hiyo, ningekula adhuhuri katikati ya barabara, kila dereva wa lori anione!"

Ishraga alimtazama wifi yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Wakati wote ule alikuwa akimchungulia kutoka chumbani, hakuwahi kuona kwamba anachunguliwa pia.

Sittana alikwenda kwenye mtungi. Alirudi na kopo limejaa, maji yakimwagikia miguuni.

"Kunywa."

"Wewe hukumkosea Mungu kwa kusahau," Ishraga alinong'ona. "Mimi nimefanya kwa kusudi."

"Kunywa, mshenzi wee, utubu ukishashiba. Mtoto anangoja."

Akanywa. Yalikuwa baridi sana, kweli. Alikunywa lile kopo na jingine, machozi yakiingia humohumo, na Hajja akimlowesha Wiam midomo kwa kitambaa huku mkunga Toma akitumiwa ujumbe. Toma alikuja, akagomba kuanzia mlangoni mpaka kitandani, akasema mtoto atapona ikiwa mama atakula kama mtu mwenye akili. Sittana alipika uji wa mtama. Alisimama juu ya kichwa cha Ishraga mpaka bakuli likawa jeupe.

Maziwa hayakurudi siku ile wala iliyofuata. Yalirudi polepole, na mbuzi akakonda. Alasiri moja Wiam alinyonya mpaka akalala kinywa wazi, tone likimtiririka shavuni, utosi wake umejaa vizuri na kupigapiga chini ya nywele. Ishraga alikuwa bado anamtazama alipoitwa.

"Mwonja chumvi! Uko hai?"

Alikwenda na mtoto begani. Safari hii alikinywa kijiko chote na kuuachia mchuzi uteremke. Bamia, nyama kavu, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii, Mungu anajua, pembe zote za ulimi, na hakuliona.

"Vipi?"

"Imekolea."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu," alisema Ishraga. "Inaniuma kusema, lakini imekolea."

Sittana alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta mikono, akainyoosha.

"Nipe huyo nimshike," alisema. "Wewe maliza kilichobaki kwenye mwiko, mimi nimefunga."